Nondo Nne na Betri: Umeme Unavyoihoji Ardhi

Salamu kwenu mlioko Kawale, Katubza na Likuni ya hapa kambini Dzaleka, na kwa ndugu zetu Wamalawi wa vijiji vinavyotuzunguka hapa Dowa. Leo tunazungumza juu ya kilicho chini ya miguu yetu, na jinsi umeme unavyotumika kukitafuta.

Nimeichagua mada hii kwa makusudi. Kwenye simu za vijana wetu zinazunguka video za mashine inayodaiwa kuona madini. Mtu anatembea nayo shambani, kioo kinaonyesha doa jekundu, naye anatangaza: hapa kuna dhahabu, mita saba kwenda chini. Wengi wetu tumetoka kwenye nchi za madini. Humu kambini mna wazee waliochimba dhahabu Kamituga na Fizi, waliobeba kasiteriti Walikale, waliochekecha koltani Masisi, na wengine waliokula jasho la shaba huko Katanga. Mtu wa namna hiyo akisikia kuna chombo cha kuona ndani ya ardhi bila kuchimba, moyo lazima umdunde. Anakumbuka mashimo aliyoyachimba miezi mizima akaambulia vumbi. Na video ile huja na bei ya mashine, bei ambayo familia inaweza kuuza kila kitu ili kuifikia.

Sayansi ya kuipima ardhi kwa umeme ipo, ni ya kweli, na ina zaidi ya miaka 100. Ndiyo maana inauma kuiona ikigeuzwa mtego. Mtu anayeijua inavyofanya kazi ni vigumu kumtapeli, na pia anaweza kuitumia. Kwa hiyo tuianze mwanzo.

Mwaka 1830 huko Cornwall, Uingereza, kwenye migodi ya shaba, Robert Were Fox aligundua kwamba mwamba wenye madini una umeme wake mdogo wa asili. Kwa muda mrefu jambo hilo halikuzaa chombo cha kazi. Kisha akaja Mfaransa Conrad Schlumberger, mwalimu wa fizikia katika shule ya madini ya Paris. Mwaka 1911 alijaribu wazo lake ndani ya beseni kubwa la kuogea lililotandikwa shaba na kujazwa mchanga. Alipitisha umeme ndani ya mchanga ule na kupima juu yake, ili aone kama kitu kilichofukiwa kitajulikana bila kufukuliwa. Mwaka 1912 akaenda kupima kwenye ardhi halisi, Val-Richer, katika mkoa wa Normandy. Miaka michache baadaye, mwaka 1915, Mmarekani Frank Wenner akaeleza mpangilio wa nondo nne ambao mpaka leo unabeba jina lake.

Nondo hizo nne ndizo ninazotaka mzione vizuri, kwa sababu kazi yote imo humo.

Mafundi wanafika na betri ya gari, kisanduku cha vipimo, magurudumu ya waya, nyundo na nondo fupi. Wanazipigilia nondo nne ardhini katika mstari ulionyooka, kwa nafasi sawa. Tuseme mita 10 kati ya moja na nyingine. Nondo mbili za pembeni zinaingiza mkondo wa umeme ardhini. Mbili za katikati haziingizi kitu, zinasikiliza tu: zinapima volteji iliyopo kati yao. Wakati wa kiangazi, ardhi inapokuwa ngumu na kavu, umeme hukataa kuingia. Hapo utamwona fundi akimimina maji ya chumvi kwenye mguu wa kila nondo, kisha anasubiri kidogo na kupima tena. Mtu asiyejua hudhani ni tambiko. Ni kuilainishia njia umeme upite.

Sasa hesabu. Tuseme tumeingiza sehemu moja ya kumi ya ampea, na nondo za katikati zikasoma sehemu mbili za kumi za volti. Gawanya volti kwa ampea, unapata omu 2. Zidisha kwa nafasi ya mita 10, kisha kwa 6.28, yaani mara mbili ya ile pai ya darasani. Jibu ni kama omu-mita 126. Namba hiyo inaitwa ukinzani: inatuambia ardhi ile inaukatalia umeme kwa kiasi gani. Kijana wa sekondari anaweza kuipiga hesabu hiyo kwenye daftari.

Ukitaka kujua ya chini zaidi, unazitanua nondo. Zikiwa karibu karibu, umeme unapita juu juu. Zikiwa mbali, unazama. Kwa makadirio ya kazi, mstari wa waya unahitaji kuwa mara tano au zaidi ya kina unachotaka kukipima. Kwa hiyo ukitaka habari za mita 40 chini, andaa nafasi ya mita 200, iliyonyooka. Kumbukeni hilo mtakapomwona mtu ameshika kijisanduku mkononi, bila waya wala nondo, akidai anaona mita 40. Umeme wake umeingia ardhini kupitia wapi?

Zamani nondo zilisogezwa kwa mkono kwa kila kipimo. Siku hizi hutandazwa waya mrefu wenye nondo nyingi kwa mpigo, na chombo chenyewe huchagua zipi nne zifanye kazi, kisha nne nyingine, mpaka vipimo vifike mamia. Vinaingizwa kwenye kompyuta, na kompyuta inatoa ile picha ya rangi ambayo wengi mmeiona: bluu, kijani, njano, nyekundu.

Picha hiyo haikupigwa kama picha ya kamera. Imekisiwa. Kompyuta inabuni ardhi ya mfano, inapiga hesabu: kama ardhi ingekuwa hivi, vipimo vingekuwa vipi? Inalinganisha na vipimo vya kweli, inarekebisha mfano wake, inarudia, mpaka tofauti iwe ndogo. Tatizo ni kwamba ardhi mbili zilizo tofauti zinaweza kutoa vipimo vilevile. Tabaka jembamba linalopitisha umeme sana na tabaka nene linalopitisha kiasi yanaweza yasitofautishwe kabisa kutoka juu. Na rangi je? Rangi zinachaguliwa na aliyekaa kwenye kompyuta. Akitaka, nyekundu inakuwa ukinzani mkubwa; akibonyeza kitufe kimoja, nyekundu inakuwa ukinzani mdogo. Doa jekundu peke yake halisemi lolote mpaka usome namba zilizoandikwa pembeni.

Na hata namba zikisomwa, bado hazitaji jina la jiwe. Mwamba mzima wa gneisi, ule mgumu unaobeba sehemu kubwa ya Malawi, una ukinzani wa maelfu ya omu-mita. Udongo wa mfinyanzi uko chini sana, pengine 10, pengine 50. Mwamba uliooza na kushika maji uko katikati, makumi kadhaa hadi mia na kitu. Maji ya chumvi, grafiti, na madini ya sulfidi (metali iliyoungana na salfa) yaliyoshikana kuwa bonge yanaweza kushuka hata chini ya omu-mita 1. Mnaona shida ilipo: mfinyanzi mkavu kiasi na mwamba wenye maji mazuri vinakaribiana. Grafiti na sulfidi ya nikeli vinafanana kabisa.

Kwa ajili hiyo wataalamu wana kipimo cha pili. Wanaingiza umeme kwa sekunde chache, wanaukata ghafla, na wanaendelea kupima. Kwenye ardhi ya kawaida volteji inaanguka mara moja. Kwenye mwamba wenye punje za sulfidi zilizotawanyika, haianguki upesi. Inabaki na kufifia polepole, kama jiwe la jikoni linalobaki na joto baada ya moto kuondolewa. Kipimo hicho kinathaminiwa sana kwa shaba, kwa sababu shaba nyingi duniani imetawanyika kwa punje ndogondogo ambazo hazigusani, na ukinzani wa kawaida unazipita bila kuzitambua. Lakini hata hapa grafiti inaingia na kudanganya, maana nayo inashika chaji. Ndiyo adui wa kila anayetafuta sulfidi.

Wazee wa Kamituga watauliza: na dhahabu? Dhahabu inapitisha umeme vizuri sana, hilo ni kweli, lakini fikirieni wingi wake. Mwamba wenye gramu 5 za dhahabu kwa tani moja ni mwamba mzuri. Gramu 5 ndani ya kilo 1,000, tena kwa chembe zisizogusana. Mkondo wa umeme unaopita humo haujui kama dhahabu ipo. Kinachoweza kuonekana ni majirani zake: mshipa wa kwatsi wenye ukinzani mkubwa, ufa uliojaa mfinyanzi, au sulfidi ya chuma inayofuatana nayo mara nyingi. Mtaalamu anasema, "Hapa kuna mazingira ambayo dhahabu inaweza kukaa." Hathubutu kusema, "Hapa kuna dhahabu." Koltani ndiyo kabisa. Inakaa kwenye pegmatiti, mwamba unaoukataa umeme, au kwenye udongo mweupe unaobaki pegmatiti ikishaoza. Umeme unaweza kukuonyesha mwamba umeoza mpaka kina gani, jambo linalomsaidia mchimbaji wa mikono. Koltani yenyewe haina alama kwenye kipimo hicho. Anayekuuzia mashine ya kuonyesha koltani kwa rangi anakuibia, na nasema hivyo bila kusita.

Sasa tushuke Lilongwe, kilomita 40 na kitu kutoka hapa, kwa sababu Malawi imekuwa ikiangaliwa upya na watafiti. Kati ya mwaka 2013 na 2014, kwa mradi wa serikali uliosaidiwa na Benki ya Dunia na Umoja wa Ulaya, ndege ziliruka juu ya nchi zikipima sumaku, mvutano na mionzi ya ardhi. Kusini-magharibi mwa jiji, Malingunde, kuna grafiti iliyo ndani ya mwamba laini uliooza. Kaskazini-magharibi kuna Kasiya, jina ambalo sasa linatajwa hadi kwenye masoko ya hisa ya Australia na London. Kampuni ya Sovereign Metals ilitangaza mwaka 2023 kwamba Kasiya ina tani bilioni 1.8 za udongo wenye asilimia 1 ya rutili, na grafiti asilimia 1.4. Rutili ndiyo inayotoa titani, na ni malighafi ya rangi nyeupe ya kupakia nyumba. Kampuni inaiita hazina kubwa kuliko zote za rutili ya asili zinazojulikana. Mwaka huohuo kampuni ya madini ya Rio Tinto ikanunua hisa zake.

Hazina hiyo kubwa haikugunduliwa kwa picha ya umeme. Ilipatikana kwa keekee ya kuzungushwa kwa mikono: watu wanasimama shambani, wanaizungusha ndani ya udongo mwekundu, wanatoa sampuli mita kwa mita, wanazipeleka maabara. Rutili imetawanyika kwa punje kwenye udongo, kwa hiyo haibadilishi ukinzani kiasi cha kutambulika. Kampuni ilikuwa imeingia katika eneo hilo kwa ajili ya grafiti. Hilo linanigusa, kwa sababu kazi ile ya kuzungusha na kuchekecha ni kazi ambayo mikono mingi ya hapa Dzaleka inaijua.

Grafiti ni habari nyingine. Hiyo umeme unaiona mbali. Ndiyo maana ardhi hii ya Malawi ya Kati ni darasa gumu: anayekuja kutafuta nikeli au shaba anapata alama kali ya umeme, anafurahi, anachimba, anakuta grafiti. Mwingine anatafuta maji, naye anaona ukinzani umeshuka, kumbe ni grafiti au mfinyanzi.

Mkitaka kuona mahali ambapo umeme umefaa kweli kwa madini, tutazame Kabanga, wilayani Ngara, Tanzania, karibu na mpaka wa Burundi. Baadhi yenu mlipita Ngara mkikimbia, au wazazi wenu walikaa kambi ya wakimbizi ya Benaco mwaka 1994. Jirani na njia zile kuna nikeli. Ilitambuliwa kwenye miaka ya 1970 na watafiti wa mpango wa maendeleo wa Umoja wa Mataifa, kwa kupima kemia ya udongo. Ila sulfidi za Kabanga zimeshikana kuwa bonge, zinapitisha umeme kwa nguvu, kwa hiyo koili inayoshushwa ndani ya shimo la keekee huweza kusikia bonge ambalo shimo limelikosa kwa makumi ya mita. Kemia ilianza, keekee ikafuata, umeme ukaongoza keekee ya pili. Kila chombo kwa zamu yake. Mahali kazi ilipokwenda vizuri, hakuna chombo kimoja kilichojidai kujua yote.

Nimezungumza sana kuhusu madini, lakini kwa hapa tulipo jambo kubwa zaidi ni maji. Dzaleka ilikuwa gereza wakati wa Rais Kamuzu Banda. Mwaka 1994 ikafanywa kambi, ikapangiwa watu kama 10,000 hadi 14,000. Leo tumepita 50,000. Kila mmoja wetu anaijua foleni ya mjigo, yaani pampu ya kisima: ndoo zimepangwa tangu kabla ya alfajiri, mama ana mtoto mgongoni, zamu inarukwa, sauti zinapanda. Mjigo ukikauka mwezi wa Oktoba, ugomvi ule hauhusu tabia za watu. Unahusu mwamba.

Chini yetu ni gneisi, na gneisi nzima haina nafasi ya kuweka maji. Maji ya uwanda huu wa Lilongwe na viunga vyake yanakaa sehemu mbili: kwenye ule mwamba uliooza juu ya mwamba mzima, na kwenye nyufa. Mahali mwamba umeoza kwa kina cha mita 25 au 30, kisima kinaweza kuhudumia watu miaka mingi. Hatua 100 tu pembeni, mwamba mzima unaweza kuwa mita 8 kwenda chini, na pampu ikaanza kuvuta hewa mvua zikikatika. Kutoka juu, viwanja viwili hivyo vinafanana. Hapa ndipo nondo nne na betri zinastahili heshima. Swali lake ni lile zinaloliweza vizuri kuliko yote: mwamba mgumu unaanzia wapi? Tofauti kati ya omu-mita 80 na omu-mita 3,000 haihitaji kubahatisha.

Kazi hiyo ni ngumu kuifanya katikati ya kambi. Mstari wa mita 200 unapita wapi, nyumba zilivyobanana? Mabomba ya chuma na nyaya za uzio zinauvuta umeme na kuharibu vipimo. Inabidi kutafuta uwanja wa mpira, ukingo wa barabara, au mashamba ya pembeni baada ya mavuno, kwa ruhusa ya chifu na wenye mashamba. Na hapa nawaomba wazazi: mkiwaona mafundi wametandaza waya, wazuieni watoto wasishike nondo na mbuzi wasifungwe karibu. Betri ni ya volti 12 tu, lakini kisanduku huikuza hadi mamia ya volti. Kikosi kizuri humweka mtu wa kulinda kila upande.

Kuna kitu kimoja kinachofanya vipimo vya maji viwe vya kuaminika zaidi kila mwaka, nacho ni kumbukumbu za visima vilivyokwisha kuchimbwa. Keekee inaposhuka, fundi mwangalifu huandika: mita 0 hadi 3 udongo mwekundu, 3 hadi 18 mwamba uliooza, 18 hadi 27 nyufa na maji, kisha mwamba mzima. Karatasi hiyo ina thamani kubwa kuliko picha yoyote ya rangi, kwa sababu ndiyo inayoipa picha maana. Mpimaji atakayekuja baadaye ataweka nondo zake kwanza kwenye kisima kinachojulikana, aone namba zinasemaje, halafu ndipo ahamie asikokujua. Kamati za maji zina haki ya kuomba nakala. Visima vilivyotoka vikavu navyo viandikwe. Habari zake ni za bure kwetu, gharama ilikwisha kulipwa.

Kwa vijana wa humu, hasa mnaojifunza kompyuta: ile kazi ya kugeuza vipimo kuwa picha hufanywa siku hizi na programu za bure kama ResIPy na pyGIMLi, zinazofanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Sheria za Malawi zinatubana sisi wakimbizi katika kazi na katika kutembea, na si jambo dogo; kijana mwenye akili ya jiolojia hawezi tu kupanda minibasi kwenda kuomba kazi Kasiya. Lakini hesabu haiombi kibali cha kutoka getini. Faili la vipimo vya mstari mzima wa mita 200 ni dogo kuliko picha moja mnayotumiana kwenye simu. Mnaweza kupewa faili hilo, mkajenga picha, mkabadilisha rangi na kuona jinsi doa jekundu linavyohama, mkajaribu mifano mitatu tofauti inayokubaliana na vipimo vilevile.

Na mkiwa kwenye kazi hiyo, mwiteni mzee mmoja aliyechimba. Muulizeni mwamba uliooza ulikuwaje mkononi, maji yalianza kutoka mahali gani shimoni, udongo mweupe ulikuja baada ya mita ngapi. Kompyuta inawapa ardhi tatu zinazowezekana. Yeye amewahi kukaa ndani ya mojawapo.